Kesho Nachoma Lindi

Kabla ya siku ya mahakamani, mimi na fundi wa Lindi, ule mtaa ulio ndani ya Kibera, tulikuwa tumeonana uso kwa uso mara moja tu. Hata hivyo nilimjua kuliko ninavyowajua majirani zangu wa Kawangware, kwa sababu tuligombana karibu kila siku kwa miaka minne. Niligombana naye nikisubiri chai ichemke, niligombana naye nikipiga chapa hati za watu, na siku moja niligombana naye nikiwa mazishini Machakos, simu nimeificha ndani ya leso. Tulichogombania ni mifumo ya kompyuta. Najua mtu akisikia hivyo anacheka. Acheke tu.

Nina saiba huku Kawangware, upande wa Gatina: kompyuta nne, mashine ya fotokopi na benchi la wanaosubiri. Kundi letu la simu lilianzishwa na watu wa saiba na mafundi wa kompyuta ili tuulizane mahali pa kupata vipuri. Vipuri vilizungumzwa labda wiki mbili. Baada ya hapo kundi likagawanyika, na hakuna aliyewahi kurudi katikati. Upande mmoja walikuwa watu wa leseni, waliosema kompyuta iendeshwe na mfumo wa kununua, wenye kampuni nyuma yake na mtu wa kumlalamikia. Upande wa pili walikuwa watu wa bure, waliosema mfumo halisi ni ule ambao yeyote anaupakua, yeyote anaufungua aone ulivyotengenezwa, na haumwulizi mtu ana nini mfukoni.

Mimi nilikuwa mtu wa leseni. Nilikuwa mbaya kuliko wenzangu, kwa sababu wengi wao walitumia nakala zilizovunjwa kufuli, ilhali mimi nilikuwa nimelipia kompyuta mbili kati ya zangu nne. Hizo mbili nilizitaja mpaka watu wakachoka. Zile nyingine mbili sikuzitaja.

Kilichonipa kiburi zaidi ni sheria. Makarani wa mawakili huniletea kazi ya kupiga chapa: viapo, mikataba ya nyumba, barua za kudai. Miaka ya kwanza nilipiga chapa bila kusoma. Baadaye nikaanza kusoma ninachokiandika, na baadaye zaidi nikaanza kuzitafuta sheria zenyewe. Mswada wowote wa mambo ya mtandao ukitoka niliupakua, nikauchapisha nyuma ya karatasi zilizoharibika, nikausoma wote. Mtu akiropoka kundini, nilimtupia nambari ya kifungu. Ndipo wakaanza kuniita Wakili. Walianza kwa kunikejeli, lakini kejeli ikirudiwa kila siku hugeuka jina, na mimi jina hilo nililipenda.

Fundi wa Lindi alikuwa mtu wa bure, tena kichwa ngumu. Alitoka Bungoma akiwa fundi wa redio, akaingia kwenye televisheni, kisha kompyuta, na alikuwa na kibanda chake Lindi kabla mimi sijajua kuwasha kompyuta. Jumbe zake zilikuwa ndefu, zenye nukta na aya, mtu angedhani anamwandikia mwalimu mkuu. Kilichoniudhi kwake ni kwamba hakuwahi kufuta alichoandika. Sisi wengine tulifuta upesi tukiona tumeshikwa. Yeye ukimwonyesha amekosea, aliandika kesho yake asubuhi, mbele ya wote: "Jana nilikosea. Niliandika vile na haiko vile." Ukimwuliza kama ndiye aliyesema jambo fulani mwaka juzi, alijibu, "Ndiyo, ni mimi." Ubishi na mtu wa namna hiyo haukupi raha kamili, maana hakimbii umfukuze.

Ile mara moja tulipoonana, nilikuwa nimeenda kwake kuchukua pawasaplai, kile kisanduku cha kulisha mashine umeme. Kompyuta zake zote zilikuwa zile ambazo ofisi za mjini hutupa. Moja ilikuwa na nyimbo za kwaya ya kanisa lao, nyingine ilitumiwa na mwalimu mmoja kutayarisha mitihani, na zote ziliwaka upesi kuliko zangu, jambo ambalo sikulitaja kundini. Alinipa chai na mandazi, akanikaribisha kwa sauti kubwa, "Karibu, Wakili." Nikamwomba asiniite hivyo mbele za watu, wasije wakaamini.

"Kwani wakili ni nani?" akaniuliza. "Kwa kanisa yetu wakili ni mtu umemwachia kitu yako akuangalilie. Si lazima avae joho."

"Mahakamani lazima alivae," nikamwambia.

"Hiyo ni mahakama yao," akasema, akaniongezea chai.

Ubishi wetu mkubwa kuliko wote haukuhusu mifumo. Kulikuwa na maneno kwamba unakuja mswada wa kuwafanya wenye makundi ya simu wawajibike kwa kila linaloandikwa humo. Admini wetu, mtu mwoga anayeuza vioo vya simu, alitaka kulifunga kundi. Mimi nikaja na suluhisho: tuweke ile amri ya jumbe kujifuta zenyewe kila baada ya saa ishirini na nne. Niliandika makala nzima. Nilitaja katiba, nilitaja faragha, nilitaja serikali inayopenda kuchungulia. Nilikuwa moto siku hiyo.

Yeye alipinga. Aliandika, "Wakili, mtu akisingiziwa atatoa nini? Maneno yakijifuta, atabaki nayo yule alikuwa anakuvizia."

Nikamjibu kwamba katika sheria anayeshtaki ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na mshtakiwa anaweza kukaa kimya akaachiliwa. Nikaweka kifungu. Watu wakapiga kura kwa vidole gumba, nikamshinda vibaya sana. Nilijinunulia soda baridi nikainywa nikiwa nimesimama mlangoni, nimeridhika na nafsi yangu. Yeye aliandika tu, "Kura ni kura."

Kisha ikafika ile wiki ambayo kampuni yenye mfumo wa kulipia ilitangaza kwamba toleo la zamani halitahudumiwa tena, na toleo jipya halitakubali mashine kuukuu. Mashine zetu karibu zote ni kuukuu. Kundi likachafuka. Watu wa bure walishangilia kama waliofunga bao, na watu wa leseni tulibaki na aibu, na mimi nikiona aibu huwa natafuta mtu wa kumchokoza. Nikamwandikia fundi kwamba ameongea miaka minne, lakini Lindi kwake mwenyewe bado kila mtu ana ule mfumo wetu. Nikamwuliza amebadilisha mashine ngapi. Tano?

"Sita," akajibu.

Watu wakacheka mpaka admini akaomba tupunguze. Fundi hakukasirika. Alieleza kwamba amekusanya flashi, kila moja ataiwekea mfumo wa bure, na atapita nazo kwa kila mwenye kompyuta, bila malipo. Akaandika, "Flashi ninazo, arobaini." Kisha, katika ujumbe wake wenyewe, akaandika maneno haya: "Kesho nachoma Lindi yote, mlango kwa mlango."

Hakuna mtu kundini aliyeshtuka. Sisi tuliolelewa na biashara ya kompyuta mitaani tunajua kuchoma ni nini. Zamani mteja alikuja na CD tupu akasema, "Nichomee nyimbo," ukamchomea. CD zilikufa, neno halikufa. Leo mtu anaweka kitu kwenye flashi, na flashi haichomwi na chochote, lakini bado tunasema tumechoma. Mtu wa Mombasa labda angesema ananakili. Sisi tunachoma. Na kwa kila mtu mwingine aliyeko nje ya biashara hii, kuchoma nyumba ni kuchoma nyumba.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimeanza kumwandikia jibu, na kwenye kisanduku cha kuandikia nilikuwa nimefika hapa: "Flashi arobaini utazichoma na." Nikasita, nikacheka peke yangu, kwa sababu nililiona lile neno lingesomekaje na mtu wa nje. Nilicheka kwa kuwa nililijua. Hilo lazima niliseme wazi. Nikapiga picha ya skrini. Picha ilitoka imejaa: juu kulikuwa na ule ujumbe wa flashi ninazo, chini kulikuwa na jibu langu nusu. Nikaona haipendezi. Nikakata juu, nikakata chini, nikabakiza jina lake, picha yake ndogo ya uso na yale maneno. Nikaiweka kwenye stetasi yangu, pale ambapo kila mwenye nambari yangu huona, nikaandika, "Watu wa Lindi hameni mapema," na nyuso tatu za kucheka. Wateja wangu wengi waliniletea vicheko. Ilikuwa alasiri nzuri.

Kesho yake, kama saa sita mchana, Lindi ikashika moto.

Hakuna aliyejua ulikoanzia. Wengine walisema ni waya wa stima, wengine wakasema ni jiko, wengine wakasema kuna mtu alitaka kile kiwanja kibaki wazi. Nyumba za mabati na mbao zimepangana, na moto ukishapata safu ya kwanza hauna haja ya kubisha hodi kwa ya pili. Safu nne zikaenda. Mama mmoja mzee asiyeweza kutembea alibaki chumbani mwake.

Kufikia saa nane ile picha ilinirudia mimi mwenyewe, imetumwa na mteja anayeishi Kibera. Maneno yangu ya utani hayakuwepo tena, wala zile nyuso. Chini yake mtu alikuwa ameandika, "Huyu ndiye." Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye mashine ya fotokopi, na karatasi za mteja zikaendelea kutoka zikaanguka chini. Nilimpigia fundi, simu haikushikwa.

Yaliyompata niliambiwa na mkewe baadaye. Moto ulipoanza alikuwa kwenye saiba ya mtu, flashi ya tatu iko ndani ya mashine. Alikimbia kwenda kubeba maji kama wengine. Alibeba maji mpaka watu waliokuwa na picha wakamfikia hapo hapo, ndoo mkononi. Walimwuliza kama ni yeye aliyeandika. Wewe na mimi tungesema hapana, kisha tukaeleza. Yeye alisema ndiyo, ni mimi, na alikuwa anaanza kueleza kuchoma ni nini. Walimvunja mkono wa kulia kwa chuma. Wengine wakaenda kwenye kibanda wakakimaliza. Polisi ndio waliomtoa mikononi mwa watu, na hao hao polisi wakamweka ndani. Shtaka la kuchoma nyumba halikusimama, kwa sababu mwenye saiba alieleza alikuwa naye. Shtaka lililobaki lilikuwa la maneno: kuchapisha vitisho mtandaoni na kuwatia wananchi hofu.

Baada ya kumpigia fundi saa nzima bila kumpata, nilikimbilia kundini kutafuta mazungumzo ya jana yake. Saa tisa ilikuwa imepita. Yalikuwa yamejifuta yote, kama nilivyopigania. Nikaanza kuona ile mistari midogo ya kijivu: fulani ameondoka, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Watu waliojua vizuri kabisa fundi alimaanisha nini walikuwa wanatoka mmoja mmoja, na wengine wakabadilisha laini. Jioni admini alilifuta kundi. Sikumlaumu wakati ule, na hata sasa sina uso wa kumlaumu.

Siku ya nne baada ya moto, mwanamke mmoja aliingia saiba akasimama karibu na mlango, akaangalia kompyuta, akaangalia benchi, akaangalia ukuta niliobandika bei za fotokopi.

"Sasa," akanisalimu. "Natafuta ofisi ya wakili."

Nikamwambia hapa hakuna wakili, mawakili wako mjini. Akanitolea kikaratasi chenye nambari yangu, kimeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimepinda.

"Mzee yangu ameniambia nikuje Kawangware, Gatina, niulize Wakili," akasema. "Korti ilimwuliza kama ako na mtu wa kumsimamia. Akasema ako naye. Judge akampea wiki moja amlete."

Nikamwomba aketi. Nikamweleza pole pole kwamba Wakili ni jina la utani, kwamba mimi napiga chapa tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sidhani aliniamini.

"Lakini sheria unajua," akasema.

"Najua kidogo, mama."

"Yeye anasema unajua yote. Anasema wewe ndio unaweza kueleza hiyo maneno alikuwa anamaanisha nini." Akafungua simu yake akanionyesha picha yangu. Alikuwa amehamia Kambi Muru, huko huko Kibera, kwa dada yake, na hiyo picha alitumiwa na watu watano tofauti, wengine wakimtukana. "Huyu mtu alipiga hii picha, unaweza mjua?"

"Kundi lilikuwa na watu wengi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Nikamwahidi nitakuja mahakamani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na kabla hajaondoka alininunulia maji ya chupa kwenye duka la jirani, akaniletea, kwa sababu aliona nimekauka midomo.

Alipoondoka nilifungua simu yangu, pale picha zinapohifadhiwa. Niliipata ile ya kwanza, nzima, kabla sijaikata. Ilikuwa na "Flashi ninazo, arobaini" juu, na chini jibu langu nusu lenye neno flashi na neno kuchoma katika mstari mmoja. Saa na tarehe zilikuwepo. Hakimu yeyote angeiangalia dakika moja akaelewa. Na hakimu yeyote angeelewa pia kwamba lile jibu nusu liko ndani ya simu ya aliyepiga picha, na kwamba aliyepiga ndiye aliyekata.

Karani wa wakili mmoja aliniletea viapo vya kupiga chapa siku hiyo hiyo. Nikamwuliza, nikisingizia ni habari za rafiki yangu. Hakufikiri sana. "Mwambie huyo rafiki yako anyamaze," akasema. "Mwenye kueneza ana shtaka lake, na hapo kuna mtu amekufa." Nilikuwa nakijua hicho kifungu. Nilikuwa nimemtupia mtu kundini zaidi ya mara moja.

Ile wiki nilikonda. Siku ya pili yake nilichapisha ile picha kwa rangi, nikaitia ndani ya bahasha ya kaki, nikaandika na maelezo ya shahidi ya kurasa mbili, na sikuwahi kuandika kitu kizuri hivyo. Nikaenda kituo cha polisi. Nilipanga foleni mpaka nikafika mezani, na afisa mwenye kitabu cha matukio akaniuliza nina ripoti gani. Nikamwambia nimepoteza kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa ndani ya pochi yangu. Akaniandikia nambari ya ripoti kwenye kikaratasi, nikamshukuru, nikarudi Kawangware na bahasha yangu chini ya kwapa. Nilijiambia ni heri niitoe mahakamani, mbele ya hakimu, ndiyo njia sahihi. Nilijiambia hivyo kila asubuhi.

Siku ya kesi niliketi safu ya nyuma, karibu na mlango. Mkewe alikuwa mbele na dada yake. Fundi aliletwa na wenzake watano, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa kilichochafuka, ndevu zimeota nyeupe. Sikuwa nimejua ndevu zake ni nyeupe. Alipanda kizimbani akageuka kuangalia watu, akaniona. Alinisalimu kwa kichwa, kwa furaha kabisa, na bahasha nilikuwa nimeishika kifuani.

Karani wa mahakama akasoma shtaka kwa Kiswahili, haraka haraka, kama anayesoma orodha ya sokoni. Kwamba siku fulani, mahali fulani, ulichapisha maneno yafuatayo: Kesho nachoma Lindi yote, mlango kwa mlango. Kisha akauliza kama wanavyouliza siku zote: "Ni kweli ama si kweli?"

Mtu yeyote aliyezoea mahakama zetu anajua hilo si swali kuhusu maneno. Ukisema si kweli, kesi inaanza, na anayeshtaki anabeba mzigo wake. Ukisema ni kweli, umekubali kosa lote na kesi imekwisha. Mimi nilijua. Nilikuwa nimeandika kundini kuhusu mzigo huo huo, na kifungu nikaweka. Lakini sikuwahi kumweleza jinsi swali linavyoulizwa, na yeye alikuwa ameulizwa kama maneno ni yake.

"Ni kweli," akasema.

Hakimu, mama mwenye miwani, akainua kichwa. Akamwuliza kama ameelewa shtaka.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Ni kweli niliandika. Maana yake wakili wangu ataeleza."

"Wakili wako yuko wapi?"

Akainua mkono wa kushoto akaninyooshea kidole. Mahakama nzima ikageuka. Nikasimama, maana sikuwa na la kufanya ila kusimama.

"Wewe ni wakili?" hakimu akaniuliza.

"La, mheshimiwa."

"Wewe ni nani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema mimi ni shahidi. Ningesema nina picha. Maneno mawili, na hakimu yule, niliyemwona akiwasikiliza wengine asubuhi ile kwa subira, angeyasikia. Bahasha ilikuwa mkononi. Nikawaza kile kizimba, na mama mzee aliyebaki chumbani, na watu wenye chuma. "Mimi napiga chapa," nikasema.

Watu wakacheka. Askari wa mahakama akawanyamazisha. "Keti," hakimu akaniambia, bila ukali, na mimi nikaketi.

Fundi aliniangalia muda kidogo. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayesubiri ujumbe unaochelewa kwa sababu mtandao uko chini. Hakimu akamwuliza tena kama maneno ni yake na kama anakubali, na yeye, ambaye katika miaka minne hakuwahi kukana alichoandika, akasema tena ni kweli. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo. Hakimu akampa faini au miezi minane. Mkewe hakuwa na pesa za faini, kilichokuwa na thamani kwao kilivunjwa pamoja na kibanda. Fundi aliambiwa ana siku kumi na nne za kukata rufaa. Siku hizo nilizihesabu zote, moja moja, na kila moja nilifungua saiba saa mbili nikafunga saa kumi na mbili, na bahasha ilikuwa kwenye droo ya kushoto. Ya kumi na tano nilipasua kilichokuwa ndani yake. Picha niliifuta kwenye simu pia. Nilijichukia, na nilipumua vizuri zaidi, yote mawili kwa pamoja.

Nilikuwa nimeacha kubishana. Watu wa zamani wa kundi walianzisha lingine wakanialika, wakiniita Wakili, nikawaambia sina muda. Kompyuta zangu bado zinaendeshwa na ule mfumo wa kulipia, zote nne zinachelewa kuwaka, na mteja akilalamika namwambia ni mtandao.

Fundi alikuja baada ya kutoka jela, mchana, siku yenye wateja wachache. Alikuwa amepungua nusu. Mkono wa kulia ulipona ukiwa umepinda, vidole viwili havikunji, kwa hivyo kazi ya fundi hakuiweza tena. Alitaka nimpigie chapa barua ya kuomba kazi ya ulinzi kwenye jengo moja upande wa Lavington. Alinisomea maneno yake, nami nikaandika. Kwenye barua alitaja kwamba amewahi kufungwa. Nikamshauri asitaje. Akasema wakiuliza atasema tu, kwa nini asiseme sasa. Nikaliacha.

Alipokuwa anasubiri barua itoke, akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kuhusu siku ile.

"Ulikuwa umeshika bahasha," akasema. "Ile ya kaki. Ilikuwa na nini?"

"Karatasi za mteja," nikamwambia. "Nilikuwa napitia mjini."

Akatikisa kichwa kukubali. Akaichukua barua yake kwa mkono wa kushoto, akaisoma yote mpaka mwisho, akaikunja.

"Ndivyo nilimwambia mama watoto," akasema. "Yeye alikuwa na maneno mengine."